Hendibreki ya Seif

Mwezi uliopita nilikwenda Kibiti kwenye arobaini ya binamu yangu Seif. Nilikaa uani na wanawake wenzangu tukimenya vitunguu, na mbele ya nyumba, chini ya turubai, wanaume wakawa wanamsifu marehemu. Nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema Seif alikuwa mpole, mwenye kwenda taratibu katika kila jambo. Nikaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Wenzangu wakadhani nimezidiwa na kilio, mmoja akanipokonya kisu, akanisugua mgongo na kuniambia pole dada, ndiyo njia yetu sote. Kulia nilikuwa nalia kweli, sikatai, maana Seif nilimpenda na hakuna mtu aliyeyageuza maisha yangu kama yeye. Ila kilio changu kilikuwa kimechanganyika na kicheko, na vitunguu vikanisaidia kuficha ni kipi kimezidi. Huyo mtu wa taratibu aliyekuwa akisifiwa pale nje mimi simjui. Seif wangu alikuwa na kigari chekundu na ufundi mmoja tu duniani, na katika mwaka niliokaa kwa mama yake, nikiwa na miaka ishirini, ufundi huo ulikaribia kunipa kila nilichokitaka na kuninyang'anya siku hiyo hiyo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa sabuni za rangi tatu, na watu waliokuwa wakipanga foleni kwa mita mbili za kitambaa sasa walichagua fulana za mitumba kwa kuzinusa. Shangazi Mwanahawa alikuwa na mgahawa, hatua chache kutoka yanaposimama mabasi ya kusini. Mbele palikuwa na chumba cha meza nne, nyuma yake chumba kingine ambamo magunia ya mchele wa Mohoro yalilala upande mmoja, mimi na Rukia, bintiye wa mwisho, tukalala upande wa pili. Ukuta kati ya vyumba hivyo ulikuwa wa fito zilizokandikwa nusu. Kila masika Shangazi aliahidi kuumalizia kiangazi, na kila kiangazi aliahidi kuumalizia masika, kwa hiyo lolote lililosemwa mezani tulilisikia kitandani. Wateja wetu wakubwa walikuwa madereva wa malori ambao, wakisikia pantoni ya mtoni imeharibika, walikuwa radhi kukaa Kibiti siku mbili wakila wali wa nazi kwa kamba wa mchuzi na kusemana. Kwa kuwasikiliza nilijua klachi inavyoungua kabla sijaiona klachi yenyewe. Nilijua mlima gani unataka gia gani, nani alilaza lori kwenye mchanga akasingizia tairi, na nani alikuwa akisema uongo, maana dereva mwongo siku zote hueleza mwendo wake na hasahau kutaja saa. Nilikuwa nikipeleka sahani huku roho yangu iko barabarani, na Shangazi alinigombeza zaidi ya mara moja kwa kumwekea mteja chai ndani ya bakuli la mchuzi.

Seif, mtoto mkubwa wa Shangazi, alirudi kutoka Dar es Salaam mwanzo wa kiangazi. Kigari chake kilikuwa cha milango miwili, kimetoka Japani kikiwa kimetumika tayari na mtu ambaye, kwa hali ya viti, nadhani alikuwa akifuga mnyama. Kilikuwa na radio ya kaseti, na Seif aliipenda radio ile kuliko injini. Taarabu ilitangulia kufika, gari likafuata. Alituambia kuwa mjini alikuwa akiendesha mashindano ya magari. Baadaye, kwa dereva mmoja aliyekuwa akila upande wa pili wa ukuta, tulikuja kujua kwamba Seif alikuwa mmoja wa wale wanaosimama kando kuwazuia watazamaji wasivuke barabara. Sikumcheka sana kwa hilo, maana alikuwa ametazama vizuri. Kazi aliyokuja nayo ilikuwa ya kamba, biashara iliyochangamka miaka ile. Kamba waliletwa kwa mitumbwi kutoka Mbuchi na vijiji vya huko deltani, Seif akawapakia kwenye kiti cha nyuma na kuwakimbiza hadi Bungu, ambako lori la barafu liliwasubiri. Maji ya kamba yalivuja chini ya viti na hayakutoka tena. Kila alipoegesha mbele ya mgahawa, paka wa Kibiti walikuja mmoja mmoja, wakakaa wakilizunguka gari kwa adabu kama watu waliofika mapema kwenye shughuli.

Ufundi wenyewe aliuonyesha Ijumaa moja baada ya swala, kwenye uwanja wa mpira, wachezaji wakiwa bado wanafunga viatu. Aliingia kwa kasi kutoka upande wa shule, na alipofika katikati akakata usukani, akavuta hendibreki, matairi ya nyuma yakateleza kwenye mchanga na kigari kikageuka chote kuelekea kilikotoka. Kisha akaiachia, akatia gia ya pili na kuondoka kwenye vumbi lake mwenyewe, taarabu ikiimba. Akafanya tena, na tena. Mwamuzi alikimbia na filimbi ikiwa mdomoni, akawa anapiga filimbi kila anapohema. Vijana wakaupa mchezo ule jina la pia, ile wanayoichezea watoto, kwa vile ulivyozunguka. Wazee waliokuwa wakitoka msikitini walisimama, mmoja akauliza gari lina ubovu gani. Jibu alilitoa Bi Mwanaisha, kungwi wetu, aliyekuwa akipita na kuni zake kichwani na ambaye hakuwahi kuulizwa jambo akakosa jibu. Alisema gari halina ubovu, gari limepandisha mashetani. Alisema vyombo vya mbali huja na vya kwao, na kwamba kigari hiki, ukikipigia ngoma, kitacheza chenyewe bila dereva. Maneno hayo yalikwenda mji mzima kabla ya magharibi, na Seif, aliyetaka kuitwa dereva hodari, akajikuta anapewa pole na kuelekezwa kwa waganga.

Nami niliingia ndani ya gari kwa njia isiyo na heshima hata kidogo. Seif aligundua kwamba akiwa peke yake, kigari kinainua tairi moja wakati wa kugeuka, kwa hiyo alihitaji uzito upande wa kushoto. Mwanzo aliweka gunia la mchele la mama yake. Gunia lilipasuka kwenye pia ya nne, na mpaka leo naamini kuna punje za mchele kwenye mchanga wa uwanja ule. Siku ya pili alisimama mlangoni pa jikoni, akanitazama juu mpaka chini kama mtu anayenunua mbuzi, akasema unatosha. Sisi ni mabinamu, na kwetu mabinamu ni watani; nilimwambia uzito wangu ni wa mahari, yeye ndoo zake za kamba hazimtoshi kunibeba. Lakini nilikuwa nimeshavua aproni. Nilikaa pale kwenye kiti cha gunia miezi miwili, kila alfajiri baada ya swala, kabla Shangazi hajaanza kuliita jina langu, Tatu, Tatu, kutoka jikoni. Seif alidhani nimekaa tu. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake wa kushoto, unavyosubiri, unavyovuta, unavyoachia, na asubuhi moja alipoteremka kumfukuza mbuzi uwanjani nikahamia upande wa pili, nikawasha, nikaenda, nikapiga pia. Nilimkuta amekaa chini kwenye mchanga. Nilidhani amekasirika. Aliniambia, "Tena. Na safari hii usifumbe macho."

Tangu siku hiyo alinifundisha, na hapa ndipo lilipoanza kosa ambalo mtu mwingine yeyote angeligundua. Maji ya chumvi ya kamba yalikuwa yamekula breki ya mguu ya gari lile zamani. Ukiikanyaga ilizama mpaka sakafuni bila kuleta habari yoyote. Seif alikuwa amezoea kusimama kwa hendibreki, na kwa kuwa hendibreki kwenye mchanga humgeuza mtu atake asitake, kusimama na kupiga pia kwake vilikuwa kitu kimoja. Mimi nilijifunza hivyo hivyo. Nilifika mahali, nikavuta, nikageuka, nikatulia nikitazama nilikotoka, na nikaamini kwa dhati kwamba ndivyo magari yanavyosimama. Malori niliyoyaona yakisimama bila kugeuka nilidhani ni kwa sababu ya ukubwa.

Mwezi wa mfungo mosi ukaja mradi wa chanjo. Bibi mmoja mwenye miwani alikula chakula mezani kwetu, nami nikamsikia kupitia fito akimwambia mwenzake kwamba wanatafuta dereva wa kuzunguka vijijini, na kwamba angependa awe mwanamke, kwa sababu kina mama huwafungulia wanawake milango. Akasema anajua hatampata. Niliangusha kitu, sikumbuki nini. Nilitoka na sahani mkononi nikamwambia amempata. Aliniuliza kama nina leseni, nikasema inakuja. Mtahini wa leseni alikuwa afike kutoka mkoani baada ya wiki tatu, kwa siku moja tu, na baada ya hapo mpaka mwaka mwingine. Niliitamani kazi ile mpaka chakula kikanishinda. Nilikuwa nimechoka kuwahudumia watu waendao mahali. Shangazi alipojua, alisema neno moja, hapana, kisha akalieleza kwa siku nne: nani atahudumia, nani ataoa mwanamke mwenye grisi kwenye kucha, na lini nimeona mtu mzima mwenye akili akienda kazini huku amekaa. Nilikuwa chini ya paa lake, nikila wali wake. Bila idhini yake nisingeweza kusimama mbele ya mtahini, na Seif asingethubutu kuniazima gari.

Aliyeniokoa ni Rukia, kwa kuwa wakati wake wa kutolewa nje ulikuwa umewadia. Mama yake alikuwa amesubiri amalize shule kwanza, kwa hiyo mwali wetu alikuwa na miaka kumi na minane na cheti. Kwetu mwali akitolewa hubebwa mabegani na wanawake, juu ya vichwa vya watu, na anayembeba hatembei tu, anacheza. Lakini mwaka ule, jirani yetu muuza vitenge alikuwa amemtoa binti yake kwa baiskeli mpya yenye maua ya plastiki kwenye tairi, na Shangazi hakulala vizuri tangu siku ile. Akasema Rukia atatolewa kwa gari. Bi Mwanaisha alikuja kula, akatoa hukumu zake huku akinyonya kichwa cha kamba. Gari ni sawa, alisema, gari ni mabega kama mabega mengine. Ila mwanamume hakanyagi uwanja wa mwali, sembuse kaka yake mwenyewe, kwa hiyo anayeendesha awe mwanamke. Pili, kichwa cha mwali kiwe juu kuliko cha anayembeba. Tatu, ngoma ikipigwa anayembeba acheze, na ngoma ikikatika asimame pale pale. Gari likipita tu bila kucheza, hajatolewa mtu. Shangazi alinitazama kupitia mlango wa jikoni kwa muda mrefu, na nilijua anachotafuta ni mwanamke mwingine yeyote duniani.

"Weye unaweza?" akaniuliza.

"Naweza, Shangazi. Na Jumatatu yake nitakwenda kwa mtahini."

Alifunua sufuria, akatazama wali uliokuwa umeshaiva, akafunika tena. "Basi umpakate mwanangu vizuri," akasema.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaisha, mpana, umezungushiwa makuti, na nadhani kila mwanamke wa Kibiti mwenye miguu alikuwamo. Gari lilikuwa limeoshwa kwa majani ya mchaichai, na sasa lilinuka kamba na chai kwa pamoja. Waipa zilifungwa khanga. Ili kutimiza hukumu ya pili, Rukia alikalishwa juu ya mito mitatu, kichwa kikigusa paa, mimi nikaondolewa mto wa kiti, nikakaa kwenye vyuma. Kutoka pale niliweza kuona juu ya usukani mbingu, ncha za makuti na, nikijinyoosha, vilemba vya wanawake warefu. Mwali naye hatakiwi kutazama huku na huku, kusema wala kucheka. Alikuwa amejifunika, ameinamisha uso, mikono imetulia mapajani. Ngoma zikaanza, nikaingia. Vigelegele vilivyopigwa sijavisikia tena maishani mwangu. Nilizunguka uwanja mara moja taratibu, mara ya pili nikachangamsha kidogo. Kisha ngoma zikakatika, ili nisimame.

Nikasimama kwa namna niliyoijua. Nilivuta hendibreki, kigari kikageuka, vumbi likapanda. Wapiga ngoma hawakuona gari linalosimama. Waliona gari linalocheza kuliko lilivyocheza mwanzo, na kwa adabu ya kazi yao, anayembeba mwali akicheza hawezi kuachwa bila ngoma. Wakazishika upya kwa nguvu. Nami, ngoma zikilia, hukumu ni kwamba nicheze, kwa hiyo nikaondoka. Wakakata, nikavuta, tukageuka, wakapiga. Sikumbuki tulirudia mara ngapi. Nilisikia Bi Mwanaisha akiwatangazia watu kwamba alishawaambia, likipigiwa ngoma linacheza lenyewe, na kweli kwa alivyokuwa akiona, ndani ya gari hapakuwa na kichwa cha dereva. Wanawake wa mbele wakawa wanakimbilia nyuma na wa nyuma mbele. Kwenye pia ya sita au ya saba, kutoka chini ya khanga, bila kuinua uso, mwali alivunja kimya chake.

"Tatu," akanong'ona, "nitakutapikia."

Nikamwambia avumilie, mimi sijui namna ya kutoka. Kilichotutoa ni petroli. Seif hakuwahi kutia zaidi ya inayofika Bungu. Injini ikakohoa ikazima, tukatulia, na vumbi liliposhuka ikaonekana kwamba nyuma ya gari ndiyo inayotazama mlango wa nyumba. Mwali haingizwi kinyumenyume. Kuwasha hakuwezekani, na Rukia hawezi kushushwa akakanyaga chini kabla ya kizingiti. Nilishika usukani nikahisi machozi, maana niliona Jumatatu yangu ikiondoka. Ndipo Shangazi akavua ndala zake. Alishika bampa ya nyuma, akawaita wenzake kwa majina, na wanawake kumi hivi wakalinyanyua gari lile dogo upande wa nyuma, huku wanaimba na kusogea hatua kwa hatua, wakaligeuza lote pamoja na mimi na mwali ndani, wakalisukuma mpaka mlangoni. Rukia aliingizwa nyumbani uso mbele. Watu walisema haijapata kutokea mwali aliyetolewa vizuri namna ile, na mke wa muuza vitenge aliondoka bila kula.

Jumatatu asubuhi mtahini alikuja. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alipoingia garini aliweka kofia yake magotini, akanusa, akaamua kutouliza. Mji mzima ulikuwa kando ya barabara. Niliendesha toka sokoni vizuri kabisa, gia zikiingia kama kwenye siagi, nikionyesha mkono kila panapotakiwa, na moyoni nikimshukuru kila dereva mwongo aliyewahi kula kwetu. Mbele ya nguzo ya simu akasema, kwa ile sauti yake, kwamba nisimame hapo. Nikavuta. Tuligeuka vizuri, naweza kusema ilikuwa pia safi kuliko zote nilizowahi kupiga, na watu wakashangilia. Vumbi lilipotulia, kofia ilikuwa kiti cha nyuma na karatasi sakafuni. Aliiokota karatasi, akabandua ganda la kamba lililoganda juu yake.

"Kinachofuata hapa," akasema, "ni kugeuza gari barabarani."

"Tumeshageuka, Afande."

Akatazama nje. Soko lililokuwa nyuma yetu sasa lilikuwa mbele. Akaweka alama kwenye karatasi, maana alikuwa mtu wa haki. Kisha akaniuliza kwa nini sikutumia breki ya mguu. Nikamweleza kwamba gari hili halina, pale mguu unapumzika tu. Akaniambia niondoke taratibu na niikanyage hivyo hivyo. Nikaondoka, nikaikanyaga kwa nguvu zote, kama mtu anayejua kwamba hakuna kitu, na wote wawili tukagonga kioo cha mbele kwa paji la uso.

"Ipo," akasema, akijishika kichwa. Aliandika kwa kirefu. Kisha akasema nirudi saa tisa alasiri, nisimame mara kumi kwa mguu, kwenye mstari ulionyooka. Mkono wangu ukigusa hendibreki hata mara moja kabla gari halijatulia, tutaonana mwakani.

Nilimkuta Seif jikoni, amekaa juu ya kinu. Nilikuwa nimeshaliona tobo kwenye dashibodi, mahali ilipokuwa radio ya kaseti, na nilikuwa nimeshaelewa. Alikuwa ameitoa kwa fundi wa Ikwiriri ili atengenezewe breki, radio ile aliyoipenda kuliko injini, kwa sababu alisikia watahini hukagua breki kwanza. Nilimpiga mwiko wa begani, tena wa moto.

"Ulitengeneza lini?"

"Juzi, baada ya shughuli."

"Mbona hukuniambia? Ningekosa kazi, Seif. Bado naweza kuikosa."

Hakunitania. Alichora chora majivu kwa kidole cha mguu. "Nilitaka mtu anayejua magari aione," akasema. "Mara moja tu. Hapa nani anajua? Hapa wanasema limepandisha." Baadaye akauliza, kwa sauti ya chini, mtahini alisema nini kuhusu pia yenyewe. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kummwagia maji ya moto, na hapo hapo nilimwonea huruma, na nikamdanganya. Nilimwambia mtahini alisema hajawahi kuona iliyo safi namna ile. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea cheti, akaenda kunitilia petroli, na kwa mara ya kwanza alijaza tangi.

Saa tisa walikuja watu wengi kuliko asubuhi, habari ilikuwa imefika mpaka Bungu, na wapiga ngoma wa Bi Mwanaisha walikuja na ngoma mbili endapo zingehitajika. Mtahini aliketi na kofia akiwa ameivaa, ameshika mlango kwa mikono miwili. Niliondoka, nikafika kwenye alama ya kwanza, nikakanyaga kwa mguu. Gari likasimama. Halikufanya lolote jingine. Nilihisi aibu, kama mtu aliyeanza hadithi akaishia katikati, na watu wakasubiri kuona kitakachofuata. Mara ya pili likasimama vile vile. Mara ya tatu mkono wangu wa kushoto ulianza kuwasha, ukaanza kwenda wenyewe, nikaukalia, nikawa nautoa kwa gia tu na kuukalia tena. Kwenye ya nne nilisikia kijana akisema twende zetu. Kwenye ya tano wapiga ngoma walifunga ngoma zao. Bi Mwanaisha alisema kilichokuwamo kimetoka, sasa limebaki gari tu, akaenda zake. Hata Seif, kwenye ya sita, aligeuza uso akaondoka na mikono nyuma. Alisema baadaye kwamba kuna mambo binadamu hawezi kuyatazama. Ya saba na ya nane nilizipita nikiona barabara tupu pande zote mbili, mbuzi wawili, na mtu mmoja.

Alikuwa Shangazi. Ilikuwa saa ya basi la kusini, na nyuma yake niliona abiria wakigonga mlango wa mgahawa, mlango ambao sikuwahi kuuona umefungwa mchana. Alikuwa na mwiko mkononi na unga kwenye viwiko, na alikuwa akitembea kando ya barabara kufuata gari, akihesabu kwa sauti kila niliposimama, kama anayehesabu watu wa kuwapakulia. Tisa aliisema kabla sijafika. Kwa ya kumi alitangulia, akasimama pembeni kabisa ya alama, mahali ambapo pia moja tu ingemfagia, akanisubiri pale. Nikakanyaga, gari likapunguza, likapunguza, likatulia mbele yake bila kutimua hata vumbi, na Shangazi akainua mwiko, akapiga kigelegele kirefu, peke yake, katikati ya Kibiti tupu.

Mtahini akaachia mlango. "Mama huyu anashangilia nini?" akaniuliza.

"Nimesimama, Afande," nikamwambia.

Alimtazama Shangazi, akaitazama karatasi, akasaini.